Saratani ya damu inayokwenda polepole: tuijue lukemia sugu

Katika toleo hili tunaongea juu ya ugonjwa ambao hauonekani mara nyingi hapa kambini, lakini ukiingia katika nyumba unaleta mkanganyiko mkubwa. Ni aina moja ya saratani ya damu inayoitwa lukemia sugu ya mieloidi. Madaktari wanaiandika kwa herufi tatu tu: CML. Ukiziona herufi hizo kwenye karatasi yako ya rufaa, au ya ndugu yako, makala haya ni yako.

Tunaandika kwa sababu mbili. Kwanza, watu wengi wakisikia neno saratani wanaanza kuandaa msiba. Kwa aina hii si sawa kufanya hivyo, maana tangu mwaka 2001 kuna kidonge cha kumeza nyumbani ambacho kimewarudisha wagonjwa wengi shambani, sokoni na shuleni. Pili, kidonge hicho kinamsaidia yule tu anayekimeza kila siku, na maisha ya ukimbizi yana mambo mengi ya kumkatisha mtu dawa.

DAMU INATENGENEZWA WAPI?

Ukivunja mfupa wa ng'ombe unakuta ndani kitu laini chenye mafuta. Huo ni uboho. Binadamu naye anao, na ndio kiwanda cha damu. Uboho unatengeneza chembe za aina tatu:

- Chembe nyekundu, zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Zikipungua mtu anaishiwa nguvu, anahema haraka, viganja vinakuwa vyeupe.
- Chembe nyeupe, ambazo ni walinzi wa mwili. Zinapigana na vijidudu vya magonjwa.
- Chembe sahani, ambazo ni ndogo sana. Ukijikata na jembe ndizo zinazokimbilia kuziba kidonda ili damu iache kutoka.

Kila siku chembe za zamani zinakufa na mpya zinazaliwa. Mwili unajua kiasi unachohitaji, na kiasi kikitosha unafunga, kama vile mtu anavyofunga koki ya bomba ndoo inapojaa.

NI NINI KINACHOHARIBIKA?

Katika ugonjwa huu koki ya chembe nyeupe imeharibika na haifungi tena. Chembe nyeupe zinatoka usiku na mchana, na nyingi hazijakomaa. Katika mtu mzima mwenye afya, chembe nyeupe ni kati ya 4,000 na 11,000 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Mgonjwa wa CML anaweza kupimwa akakutwa na zaidi ya 100,000. Walinzi ni wengi kupita kiasi, lakini hawalindi vizuri, na wanachukua nafasi ya chembe nyingine ndani ya uboho.

Kwa nini koki inaharibika? Ndani ya kila chembe inayojitengeneza kuna nyuzi ndogo 46 zinazoitwa kromosomu. Humo ndimo yamehifadhiwa maagizo ya mwili. Siku moja, katika chembe moja tu ya uboho, kipande cha kromosomu namba 9 na kipande cha kromosomu namba 22 vinakatika na kubadilishana nafasi. Vipande viwili ambavyo havikuwa pamoja vinaungana na kutoa agizo baya: endelea kuzaa, usiache. Agizo hilo linaitwa BCR-ABL, na ndilo linalotafutwa na vipimo vya hospitali kubwa.

Kromosomu hiyo fupi isiyo ya kawaida iligunduliwa mwaka 1960 na watafiti wawili, Peter Nowell na David Hungerford, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani. Ndiyo maana inaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba ni vipande viwili vilivyobadilishana nafasi. Ujuzi huo ndio uliowafungulia wengine njia ya kutafuta dawa inayolenga pale pale palipoharibika.

Elewa vizuri: mabadiliko hayo yanatokea baada ya mtu kuzaliwa, na yako katika chembe za damu tu. Mama hampi mtoto tumboni, baba hamrithishi mwanawe, mke hampi mume. Jambo moja linalojulikana kuongeza hatari ni mionzi mikali, kama ile iliyowapata watu wa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Wagonjwa wengi hawakukutana na mionzi ya namna hiyo, na hakuna kitu walichokula au walichokosea.

KWA NINI INAITWA SUGU?

Hapa watu wanachanganyikiwa. Tukisema malaria sugu, wengi wanaelewa malaria inayokataa dawa. Katika jina la lukemia sugu, neno hilo halina maana hiyo. Maana yake ni ugonjwa wa kukaa nao muda mrefu, unaokwenda polepole, kama kisukari au presha. Kuna lukemia nyingine, zile za ghafla, ambazo zinamwangusha mtu ndani ya wiki chache. Hizo ni ugonjwa tofauti na matibabu yake ni tofauti.

CML ina hatua tatu:

1. Hatua ya polepole. Mtu anaweza kuwa na dalili ndogo tu, au asiwe nazo kabisa. Hapa ndipo dawa inafanya kazi vizuri zaidi. Bila dawa, hatua hii kwa kawaida ilikuwa inachukua miaka 3 hadi 5.
2. Hatua ya kuongeza kasi. Homa, maumivu ya mifupa na upungufu wa damu vinazidi.
3. Hatua ya mlipuko. Chembe changa zinajaa kwenye damu, na ugonjwa unageuka kuwa kama lukemia ya ghafla. Mgonjwa aliyefika hapa anaweza kufariki ndani ya miezi michache.

Kwa hiyo "polepole" isitudanganye. Ugonjwa unatupa muda, na muda huo ni wa kuutumia.

DALILI ZAKE NI ZIPI?

- Kuchoka bila sababu, hata baada ya kulala vizuri.
- Kupungua uzito.
- Kutokwa jasho jingi usiku, mpaka nguo na shuka vinalowa.
- Homa zinazorudi rudi wakati kipimo cha malaria hakionyeshi kitu.
- Uzito au uvimbe upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Hiyo ni bandama, ambayo wengine wanaiita wengu. Inavimba kwa sababu chembe nyeupe zinajaa humo.
- Kushiba haraka. Unakula matonge machache tu tumbo limejaa, kwa sababu bandama inasukuma tumbo la chakula.
- Maumivu ya mifupa, na mara nyingine kutoka damu puani au kwenye fizi.

Kuna dalili mbili ambazo hutakiwi kulala nazo hata usiku mmoja. Ya kwanza ni kuona ukungu au kuumwa kichwa sana kwa mtu aliyekwisha ambiwa kuwa chembe zake nyeupe ni nyingi. Ya pili inawapata wanaume: uume kusimama na kuuma kwa saa nyingi bila hamu. Wanaume wengi wanaificha kwa aibu. Ndugu, hiyo si aibu, ni damu nzito iliyokwama. Ikipita saa 4 nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

BANDAMA, MALARIA NA KARUHO

Tunapopita nyumba kwa nyumba tunakuta watu wenye tumbo lililovimba upande wa kushoto ambao walianza kwa kuchanjwa chale au kuchomwa juu ya bandama. Wengine wanaambiwa wamelishwa karuho, na familia inaanza kumtafuta jirani aliyewapa sumu. Majirani wanagombana, pesa zinaisha, na ugonjwa unaendelea.

Tuongee ukweli. Bandama iliyovimba hapa kwetu mara nyingi haitokani na saratani. Malaria ya mara kwa mara inaivimbisha. Kichocho kinachoshika ini kinaivimbisha pia, hasa kwa watu walioishi kando ya ziwa. Kukonda na jasho la usiku vinaweza kuwa kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana muuguzi ataanza na vipimo vya magonjwa hayo. Usikasirike ukidhani anakupotezea muda, anafuata njia sahihi.

Lakini ikiwa vipimo hivyo havionyeshi kitu, au umetibiwa malaria na bandama bado inakua, usikubali kurudi nyumbani na dawa za homa tu kila mara. Uliza kwa heshima: "Je, naweza kupimwa hesabu ya chembe zote za damu?"

Na chale? Mtu mwenye bandama kubwa asichanjwe, asichomwe, asikandwe kwa nguvu. Bandama iliyojaa ni laini na inaweza kupasuka, na damu ikamwagika ndani ya tumbo. Kwa sababu hiyo hiyo asicheze mpira wa miguu na asibebe mizigo ya kugandamiza tumbo mpaka bandama irudi.

UGONJWA UNAPIMWA VIPI?

Kipimo cha malaria cha kuchoma kidole hakiwezi kuonyesha CML. Lakini mtaalamu wa maabara anayetazama damu kwa darubini anaweza kushtuka akikuta chembe nyeupe zimejaa kwenye kioo. Hatua zinakwenda hivi:

Kwanza, kuhesabu chembe za damu. Inachukuliwa damu kidogo mkononi. Chembe nyeupe zikiwa nyingi kupita kiasi, unapewa rufaa.

Pili, kipimo cha kutafuta BCR-ABL. Bila hiki daktari hawezi kuthibitisha CML wala kuanza dawa yenyewe. Kinafanyika katika hospitali kubwa. Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima makohozi ya kifua kikuu, inaweza kupima BCR-ABL ikiwekewa kasha lake maalumu. Kwa hiyo si lazima sampuli ivuke bahari.

Tatu, mara nyingine wanatoa uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga kwa sindano. Inauma kwa muda mfupi, na ganzi inawekwa kwanza. Hawatoi uti wa mgongo na hawamlemazi mtu. Tunasema hivi kwa sababu wapo wanaokimbia kipimo hiki kwa uvumi.

Kwa sisi tulio Uganda, njia ya rufaa inaanzia kituo cha afya, inapita hospitali ya rufaa ya mkoa, na inafika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyo Mulago, Kampala. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1967 na inatibu saratani za damu.

DAWA YAKE

Dawa inaitwa imatinibu. Ilikubaliwa Marekani mwezi Mei mwaka 2001, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Tofauti na dawa nyingi za saratani, haiwekwi kwa dripu na haiangushi nywele zote. Ni kidonge.

Rudi kwenye mfano wa koki. Imatinibu ni kama mkono unaoshika koki mbovu na kuifunga. Chembe nyeupe zinapungua, mara nyingi ndani ya wiki chache. Bandama inashuka. Nguvu zinarudi. Lakini koki yenyewe haijatengenezwa. Ukiondoa mkono, maji yanaanza kutiririka tena. Ndiyo sababu dawa ni ya kila siku, hata ukijisikia mzima kabisa. Tena hasa ukijisikia mzima, maana huo ndio wakati watu wanaoiacha.

Matokeo yake ni makubwa. Katika utafiti wa kwanza mkubwa wa dawa hii, ulioanza mwaka 2000, zaidi ya wagonjwa 8 katika kila 10 walioanza nayo walikuwa bado hai baada ya miaka 10.

Wakati unasubiri majibu ya BCR-ABL, daktari anaweza kukupa vidonge vingine vinavyoitwa haidroksiyurea. Hivyo vinapunguza wingi wa chembe, lakini haviishiki koki. Usiridhike navyo ukaacha kufuatilia majibu.

Bei je? Dawa hii ilipotoka ilikuwa ghali kuliko mapato ya familia nzima. Mwaka 2002 kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation walianzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi zenye kipato kidogo. Tangu mwaka 2017 kazi hiyo inaendelea chini ya mpango wa The Max Foundation wenyewe. Sharti lake kubwa ni kipimo kilichothibitisha BCR-ABL na daktari aliyesajiliwa katika mpango. Kwa hiyo mtu akikuuzia vidonge kwa siri sokoni na kukuambia ni vya saratani ya damu, usinunue.

KUMEZA VIZURI

- Kipimo cha kawaida cha mtu mzima katika hatua ya polepole ni miligramu 400, mara moja kwa siku. Fuata kile daktari alichokuandikia wewe.
- Meza pamoja na chakula na maji glasi kubwa. Tumbo tupu linaleta kichefuchefu. Ukiwa unakula mara moja tu kwa siku, meza kwenye mlo huo. Uji nao ni chakula.
- Chagua saa moja na uishike. Wengine wanamfuata muadhini, wengine kengele ya kanisa, wengine taarifa ya habari ya redio.
- Ukisahau leo, usimeze viwili kesho. Endelea na kimoja. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie, subiri saa yako ya kesho.
- Kama kumeza ni shida, kidonge kinaweza kuyeyushwa katika glasi ya maji, ukoroge, unywe chote papo hapo.
- Tunza dawa ndani ya pakiti yake, kwenye chombo chenye kifuniko, mahali pasipopigwa na jua. Chini ya turubai kunakuwa na joto kali mchana, hivyo usiining'inize karibu na paa.
- Usimgawie mtu mwingine hata kama anaumwa bandama. Yake inaweza kuwa malaria, na wewe utabaki na upungufu.

Je, kukosa vidonge vichache kuna ubaya gani? Mwaka 2010 madaktari wa London walichapisha utafiti wa wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinibu kwa miaka. Waliwapa makopo yenye kifaa kinachohesabu kila mara kifuniko kinapofunguliwa, wakawafuatilia kwa miezi 3. Waliokuwa wakimeza zaidi ya vidonge 9 katika kila 10, karibu wote ugonjwa wao ulikuwa umeshuka sana. Waliokuwa chini ya hapo, wengi ugonjwa haukushuka inavyotakiwa. Hesabu mwenyewe: kidonge kimoja katika kila kumi ni vidonge vitatu kwa mwezi. Ni safari moja ya kwenda kuona ndugu bila kubeba dawa.

DAWA INA MADHARA GANI?

Wengi wanavumilia vizuri. Yanayotokea mara nyingi ni kichefuchefu, kuharisha, misuli kukaza hasa usiku, vipele, na uso kuvimba kuzunguka macho, hasa asubuhi. Pia ngozi ya mtu mweusi inaweza kuwa nyeupe zaidi. Majirani wasimseme mgonjwa kwamba anajipaka mkorogo, ni dawa.

Kuna mambo ya kurudi nayo hospitali haraka: kuvimba miguu na kuhema kwa shida, macho kuwa ya manjano, homa kali, kutokwa damu, au vipele vinavyochubuka. Dawa inaweza pia kushusha chembe kupita kiasi, kwa hiyo mwanzoni utapimwa damu mara kwa mara.

Mwambie kila mganga wa hospitali kwamba unatumia imatinibu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini inaipunguza nguvu sana. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini nazo vilevile. Dawa za virusi vya UKIMWI zinahitaji kupangwa na daktari. Usile balungi, maana linaongeza dawa kwenye damu, na usinywe panadoli nyingi kila siku bila kuuliza. Miti shamba iweke pembeni. Ukipata malaria, itibiwe kama kawaida hospitalini, wala usiache imatinibu bila kuambiwa.

AKINA MAMA WASIKILIZE

Imatinibu inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama anayeitumia anatakiwa apange uzazi kwa njia ya uhakika, na asinyonyeshe akiwa anaimeza. Kama mnataka mtoto, mwambieni daktari kabla. Ukijikuta una mimba, usifiche na usiache dawa kimya kimya. Nenda wiki hiyo hiyo ili daktari apime hali zenu wote wawili. Akina baba nao wamuulize daktari wao, si wazee wa kijiweni.

MAISHA YA KAMBINI NA DAWA YA KILA SIKU

Rufaa. Baadhi yenu mnaogopa kwamba mkimbizi mwenye saratani hapewi rufaa. Tangu mwaka 2009 UNHCR ina mwongozo wa rufaa: kwa matibabu ya gharama kubwa, kamati ya madaktari inaangalia mgonjwa ana matumaini gani ya kupona au kuishi vizuri, na gharama ni kiasi gani. Hatuwezi kukuahidi jibu la kamati. Lakini ni vizuri ujue kwamba CML katika hatua ya polepole ni saratani yenye matumaini makubwa, na dawa yake inaweza kupatikana bila kulipiwa. Anayechelewa mpaka hatua ya mlipuko anaipa kamati kazi ngumu zaidi. Mwombe daktari aandike kwenye fomu ni hatua gani uliyopo.

Siku ya mgao na ya uhakiki. Siku hizi zinagongana na tarehe za kliniki. Ukipewa tarehe ya Kampala, ipeleke mapema kwa mhudumu wa afya wa zoni yako na kwa kiongozi wa kijiji, ili ndugu yako aandikishwe kukupokelea. Usisubiri asubuhi ya siku yenyewe.

Akiba. Usingoje kidonge cha mwisho. Vikibaki vya wiki mbili, anza kufuatilia usafiri.

Kuhama. Ukiamua kurudi Kongo, kuhamia kambi nyingine, au ukipewa nafasi ya kwenda nchi ya tatu, mwambie daktari wako kwanza. Atakuandikia barua yenye jina la ugonjwa, majibu ya BCR-ABL, dawa na kipimo chake. Beba barua hiyo mwilini, pamoja na kadi ya familia, si ndani ya mzigo. Kwenye uchunguzi wa afya kabla ya safari ya nchi ya tatu, usifiche ugonjwa. Ukiuficha, hakuna atakayekuandalia dawa kule uendako.

UTAJUAJE KAMA DAWA INAFANYA KAZI?

Kujisikia vizuri hakutoshi. Hesabu ya damu inaweza kurudi kawaida huku BCR-ABL bado ipo. Kipimo cha BCR-ABL kinarudiwa kila miezi 3. Madaktari wanataka kishuke kufikia asilimia 10 au chini baada ya miezi 3, asilimia 1 au chini baada ya miezi 6, na asilimia 0.1 au chini baada ya mwaka mmoja. Waulize: "Namba yangu ni ngapi?" Iandike kwenye daftari lako. Kama haishuki, swali la kwanza litakuwa je, unameza kila siku? Sema kweli, hakuna atakayekufunga. Ukificha, daktari anaweza kudhani dawa imeshindwa, akakubadilishia bila sababu. Zipo dawa nyingine, kama dasatinibu na nilotinibu, kwa wale ambao imatinibu imeshindwa kweli.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, naweza kula sahani moja na mgonjwa?
Ndiyo. Kula naye, lala naye nyumba moja, mshike mkono. Haiambukizi kwa mate, jasho, damu wala tendo la ndoa. Ila yeye asitoe damu kumchangia mtu mwingine.

Kuongezewa damu kunaponya?
Hapana. Kunasaidia pale chembe nyekundu zimepungua sana, lakini ugonjwa unabaki.

Wakiikata bandama si itaisha?
Hapana. Bandama ni ghala tu, kiwanda ni uboho. Dawa ikifanya kazi bandama inashuka yenyewe.

Mfungo wa Ramadhani au wa kanisani tufanyeje?
Kwa kuwa kidonge ni kimoja kwa siku, wengi wanaweza kukimeza wakati wa futari, pamoja na chakula na maji. Muulize daktari kabla ya kuanza kufunga. Kufunga siku nzima kadhaa bila kula wala kumeza dawa, hapana.

Maombi je?
Omba, na umeze. Kama mchungaji, shekhe au nabii anakuambia uache dawa ili kuonyesha imani, kumbuka kwamba kipimo cha BCR-ABL kitaonyesha ukweli ndani ya miezi mitatu, na muda huo hautarudi.

Nitameza mpaka lini?
Hesabu kwamba ni dawa ya maisha. Katika baadhi ya nchi, wagonjwa wachache ambao ugonjwa haujaonekana kabisa kwa miaka mingi wanajaribu kuiacha, wakipimwa kila mwezi. Hilo ni jambo la kuamuliwa na daktari mwenye kipimo cha karibu, si la kujaribu nyumbani.

KUMBUKA

1. Bandama inayokua na malaria haionekani: omba kuhesabiwa chembe za damu.
2. Usichanje wala kuchoma bandama.
3. CML haiambukizi, hairithiwi, na haitokani na karuho.
4. Kidonge kimoja, kila siku, pamoja na chakula.
5. Vikibaki vya wiki mbili, anza safari ya kufuata vingine.
6. Usiondoke kambini bila barua ya daktari.

Ukiwa na dalili tulizozitaja, au ukiwa na mgonjwa ndani ya nyumba anayeficha pakiti ya dawa chini ya mkeka kwa kuogopa maneno ya watu, mtafute mhudumu wa afya wa zoni yako. Tunatunza siri. Tutakwenda nawe mpaka kituo cha afya, na kama hujui kusoma tutakusomea karatasi yako ya rufaa mstari kwa mstari. Ukimaliza gazeti hili usilitupe, mpe jirani.

Imeandikwa na mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea